Kiini cha Yai

Forodhani Khatmat Malaha tulikaa saa mbili na robo.
Bi Ghania alijaza fomu kwa kalamu yangu,
akakwama palipoandikwa *mahali pa kuzaliwa*.
Akaandika Wete, akaifuta, akaiandika tena
kwa herufi ndogo, kama anayenong'ona.
Askari akagonga muhuri bila kusoma.

Ila Madha haina lango.
Barabara ilipinda nyuma ya mlima,
bendera ikapoteza weusi wake,
na simu yangu ikaanza kuropoka:
Karibu Omani.
Kona moja. Karibu Imarati.
Karibu Omani.
"Inaumwa?" akauliza Bi Ghania.

Nikamweleza. Hapa ni Omani,
imezungukwa na Imarati pande zote,
na ndani ya Omani hii iliyozungukwa
mna Nahwa, nayo ni Imarati tena,
nyumba chache, kituo cha polisi, mitende.
Alinitazama kama niliyekosea hesabu ya mahari.
Kisha akatega, kwa sauti ya kitoto:
"Nyumba yangu haina mlango."
Yai, nikasema.
"Haya. Na anayeishi kwenye kiini,
akitaka kwenda sokoni, avunje nini?"

Sikuwa na jibu. Tukashuka wadini.

Nilimwahidi makutano ya mito. Ndiyo haya:
mabonde mawili ya changarawe
yamekutana kama ndugu waliogombea shamba,
kila mmoja kaukausha uso.
Maji yenyewe, upana wa kanga,
yanatoka chini ya jiwe, yanaingia chini ya jiwe,
na visamaki vidogo kama kucha
vinakwenda nchi jirani na kurudi
bila hata kupepesa macho.

Palikuwa na mtu akitengeneza pampu,
Shafiqul, mtu wa Sylhet, mafuta hadi viwikoni.
"Kwetu mito ni mingi," alisema kwa Kiarabu cha kazini,
"hakuna anayekwenda kuitazama."
Nikamuuliza mpaka uko wapi.
Akaelekeza kwa spana: mkunazi ule, labda.
Au jiwe lile lenye chokaa.
Mafuriko ya juzijuzi yalilibeba,
wakaja mabwana wawili na ramani, wakalirudisha.
"Lakini mimi naona," akafuta mikono,
"wamelirudisha vibaya."
Mbuzi wake alikuwa amelilalia.

Bi Ghania akavua viatu.
Miguu hii ilivuka bahari ikiwa na miaka kumi na tisa
na sanduku moja la bati;
kule iliitwa ya Mmanga, huku ikaitwa ya Mzinjibari,
na kote ikaambiwa iondoke kidogo, ipishe.
Akaitia majini, mmoja huku, mmoja kule,
au yote miwili upande mmoja. Nani ajue.
Nilingoja aseme neno zito, la kuandika.
Alisema, "Kumbe maji ya moto."
Baadaye: "Haya, nani ataniinua?"
Tukamwinua, Shafiqul mkono wa kulia, mimi wa kushoto,
na magauni yake yaliyolowa
yakachora mstari mpaka garini,
mstari uliokauka kabla sijafunga mlango.

Usiku, forodhani, zamu nyingine.
Kijana wa masharubu machanga
aliinyanyua chupa aliyoijaza Bi Ghania,
akaielekeza kwenye taa. Visamaki viwili
vilikuwa vimepanda bila sisi kujua.
"Maji haya ya wapi?"
Akamjibu kwa Kiswahili, makusudi:
"Sikuyauliza, mwanangu. Nayo hayakuniuliza."

Kijana akanyamaza.
Akatazama nyuma, kwa wakubwa wake,
kisha akasema, taratibu, kwa Kiswahili cha bibi yake,
kila neno kalitoa kabatini na vumbi lake:
"Wewe pita. Hawa samaki... hawa viza hawana."
Na akairudisha chupa.

Hadi Sohari hatukuzungumza.
Alikuwa ameipakata,
kifuniko amekilegeza
wapate hewa.